Kocha Mpya, Mapafu Yale Yale

Makocha wenzangu, viongozi wa klabu, na ninyi vijana mliokuja na jezi moja kwa moja kutoka mazoezini, asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie timu ya mpira wa kikapu inayobadilisha kocha ligi ikiwa katikati. Hapa Mwanza si jambo geni: timu ikifungwa mechi mbili tatu, kiongozi anashika simu, na Jumamosi inayofuata mtu mwingine ndiye amesimama kwenye benchi. Leo tuangalie ni nini hasa kinachobadilika siku hiyo.

Nianze na Los Angeles Lakers, timu ya ligi ya NBA ya Marekani. Novemba 1979 kocha wao mpya, Jack McKinney, alianguka na baiskeli akiwa njiani kwenda kucheza tenisi na msaidizi wake, Paul Westhead. Aliumia vibaya kichwani, Westhead akakabidhiwa timu. Westhead akayaacha mambo kama alivyoyakuta. Mchezo wa McKinney ulikuwa wa mbio: Kareem Abdul-Jabbar anadaka mpira uliokosa kikapu, Magic Johnson anaupokea, na wenzake wameshachanja mbuga pembeni kabla mlinzi hajageuka. Mwaka 1980 wakawa mabingwa.

Msimu wa 1981 ulipoanza, Westhead huyo huyo akataka mashambulizi ya kupangwa taratibu, kila mtu na mahali pake. Wachezaji wakanung'unika, Magic akasema hadharani kwamba anataka kuondoka. Westhead akaachishwa kazi baada ya mechi 11 tu, ingawa alikuwa ameshinda 7, tano za mwisho mfululizo. Msaidizi wake, Pat Riley, akachukua timu na kufungulia tena zile mbio. Msimu ukaisha kwa ubingwa. Watu humsimulia Riley kana kwamba alikuja na dawa mfukoni. Mimi namsifu kwa sababu alijua asiongeze nini. Aliwarudishia wachezaji mchezo ambao miguu yao ilikuwa tayari inaujua.

Cleveland Cavaliers, timu nyingine ya NBA, ni kisa kigumu zaidi. Tarehe 22 Januari 2016 David Blatt alifukuzwa timu ikiwa imeshinda mechi 30 na kupoteza 11, ikiongoza ukanda wa Mashariki. Siku nne kabla walikuwa wamefungwa nyumbani na Golden State Warriors, 132 kwa 98. Aliyekuwa msaidizi, Tyronn Lue, akataka mpira uende kasi. Kesho yake wakacheza na Chicago, wakalala 96 kwa 83, na Lue akakiri kwamba wachezaji wake hawana pumzi ya kucheza anavyotaka. Hiyo ni timu ya LeBron James, yenye madaktari na wataalamu wa kila aina! Pumzi haiji na barua ya uteuzi. Waliitafuta wiki baada ya wiki, na mwezi Juni wakatwaa ubingwa mbele ya Warriors hao hao, baada ya kuwa nyuma mechi 3 kwa 1 katika fainali.

Lakers wa 2012 hawakufika huko. Mike Brown aliondolewa baada ya mechi 5, akaletwa Mike D'Antoni, aliyejijengea jina kwa mchezo wa mbio katika timu ya Phoenix Suns akiwa na mchezaji Steve Nash. Alimkuta Nash pale, lakini sasa ana miaka 38 na anauguza mguu. Chini ya kikapu kulikuwa na Dwight Howard na Pau Gasol, watu wakubwa wanaotaka mpira uwafikie pale pale. Wakatolewa raundi ya kwanza ya mchujo bila kushinda hata mechi moja.

Sasa turudi kwetu. Viwanja vyetu vingi viko wazi, na upepo wa ziwa ukianza, mtupo wa mbali unayumba. Vijana wanatoka kazini na shuleni, mazoezi yanaanza saa kumi na moja, na kwenye saa moja giza linaanza kuingia. Katika muda huo kocha anayetaka kasi achague kitu kimoja. Mimi ningechagua pasi ya kwanza. Kijana wetu anadaka mpira vizuri kabisa, kisha anainamisha macho na kuudundisha mara mbili. Katika midundo hiyo miwili wapinzani wote wamesharudi kulinda. Mdakaji atue huku ameshageukia pembeni, na pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi, awe ameshafika pale, mgongo kwenye mstari wa nje, uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Lifanyeni hilo mwisho wa mazoezi, watu wakiwa wamechoka, maana kwenye robo ya nne ndivyo watakavyokuwa.

Viongozi, nawaomba kwa dhati: msimhukumu kocha kwa mechi mbili za kwanza. Muulizeni amepata mazoezi mangapi na wangapi walihudhuria. Wasaidieni nauli vijana wanaotoka Igoma na Kisesa, kwa sababu anayekosa daladala anafika mazoezi yameshafika nusu.

Na kabla hamjapiga simu kumtafuta mtu wa nje, mtazameni msaidizi. Westhead, Riley na Lue wote walitoka kwenye benchi lile lile, wakijua goti la nani linauma na nani hapendi kusimama pembeni. Karibuni maswali, na ningependa tuanze na makocha wasaidizi.