Kupumzika Huanzia Kwenye Pumzi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na akina mama mliofunga meza zenu mapema kule Mwanjelwa na Uyole ili mfike hapa: Mwagonile!

Nimeanza na salamu ya Kinyakyusa kwa makusudi. Salamu hii imejengwa juu ya neno la kulala, kwa hiyo anayekusalimu asubuhi anakuuliza kama umelala. Kiswahili nacho kina swali hilohilo, "Umelalaje?", nasi tumezoea kujibu "Salama" hata kabla mwenzetu hajamaliza kuuliza. Mimi nilijibu hivyo kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa sekondari, mpaka siku moja mke wangu aliponieleza jambo nisilolijua: kwamba nikishashikwa na usingizi, ngumi zangu hubaki zimekunjwa, na meno yangu husagana kwa sauti inayomwamsha yeye. Kumbe mwili wangu ulikuwa umelazwa kitandani kila usiku bila kupumzika. Tangu hapo nilianza kutafuta tofauti iliyopo kati ya kujilaza na kupumzika, na safari hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye yoga, ambayo nimeifanya kwa miaka kumi na moja sasa na ambayo nimeombwa niizungumzie jioni hii.

Ninalolisema ni kwamba kupumzika ni ustadi, mtu hujifunza kama anavyojifunza kushona au kuendesha baiskeli, na mlango wake ni pumzi. Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Pumzi, kupumua na kupumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Mtu aliyekesha hospitalini akiambiwa asubuhi kwamba mgonjwa wake amevuka hatari, tunasema ameshusha pumzi, na tukimwangalia tunaona kweli mabega yakiteremka. Shikeni neno hilo, kushusha, kwa sababu nitalirudia.

Neno yoga lenyewe limetoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, na shina lake ni yuj, lenye maana ya kuunganisha au kufunga nira. Kwa watu wa mikoa yetu hii maana hiyo haihitaji maelezo marefu. Nilipokuwa kijana nilikaa kwa mjomba wangu Mbozi, nikaona jinsi maksai wanavyofundishwa kulima. Maksai mgeni hafungwi nira na mgeni mwenzake, kwa maana wataivunja nira na plau pia. Hufungwa na mkongwe aliyekwisha kulima misimu kadhaa. Mgeni huruka, huvuta kando, hukataa kusonga, mara anakwenda mbio. Mkongwe hamfuati wala hapigani naye. Huendelea na mwendo wake uleule, na ifikapo siku ya tatu au ya nne unamwona yule mgeni ameanza kupiga hatua sawa na mwenzake. Sijapata mfano mwingine unaoeleza yoga vizuri zaidi kuliko huo. Akili yetu ndiyo maksai mgeni, na pumzi iliyotulia ndiyo mkongwe. Ukijaribu kuiamuru akili itulie, itakushinda. Ukiifunga pamoja na pumzi inayokwenda taratibu, itafuata.

Sasa tuangalie namna mwili unavyofanya kazi, kwa kuwa jambo hili lina sababu zake zinazoeleweka. Sehemu ya mfumo wetu wa neva hujiendesha yenyewe bila kutuomba ruhusa, na ina pande mbili. Upande mmoja hutuhimiza, upande mwingine hututuliza. Dereva anayeteremka Kitonga na lori lenye mzigo akihisi breki zimelegea, upande wa kuhimiza huamka mara moja: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo humdunda, misuli hukaza, tumbo husimamisha kazi yake ya kusaga chakula, na pumzi hupanda juu kifuani ikawa fupi na ya haraka. Hiyo ni neema, kwa sababu huokoa maisha. Taabu huja pale ambapo mwili unaitikia vilevile, ingawa kwa kiwango kidogo, kila tunapokumbuka marejesho ya kikundi, ada ya mtoto, au bei ya mbolea iliyopanda wakati viazi vimeshuka bei. Breki za lori zikishika, dereva hushusha pumzi na mambo huisha. Lakini marejesho hayaishi wiki hii wala wiki ijayo, kwa hiyo mwili hubaki katika hali ya kujihami kwa miezi, na homoni iitwayo kortisoli huendelea kuwa juu wakati ambapo ingepaswa kushuka. Usingizi huharibika, shingo hukakamaa, na presha hupata mahali pa kujishikiza.

Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, wala tumbo lianze kusaga. Pumzi, hata hivyo, ni ya aina yake: hujiendesha yenyewe tunapolala, lakini pia tunaweza kuishika na kuiongoza. Wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, mtafute mapigo. Mkivuta hewa polepole, mapigo huongezeka kasi kidogo. Mkiitoa polepole, hupungua. Kwa baadhi yenu tofauti itakuwa ndogo sana, nanyi vijana mtaihisi zaidi. Kazi hiyo ya kuutuliza moyo hufanywa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Hiyo ndiyo sababu walimu wa yoga husisitiza kutoa pumzi kuliko kuivuta. Mtu mzima aliyekaa bila kazi huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukivuta kwa kuhesabu nne na kutoa kwa kuhesabu sita, kila hesabu ikiwa sekunde moja, utapata pumzi 6 tu kwa dakika, na dakika tano za namna hiyo zinatosha kwa mtu anayeanza.

Nasema hivi katika mwezi wa Juni, wakati wa baridi yetu, na hapa Mbeya tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Angalieni jinsi tulivyokaa. Karibu kila mmoja amejikunyata, mabega yako karibu na masikio, mikono imebanwa kifuani. Aliyejikunyata hana nafasi ya kupumua kwa tumbo, kwa kuwa ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao huitwa kiwambo, hauwezi kushuka ipasavyo. Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalowapa watu wa nyanda hizi ni kujifunika blanketi wapate joto, kisha kuyaachia mabega. Sakafu ya saruji nayo ina baridi inayopenya mifupani, basi tandikeni mkeka, na juu ya mkeka blanketi zito.

Jambo la pili linawahusu wanaofanya kazi wakiwa wameinama. Mama anayepalilia viazi kule Umalila huinama saa nne au tano kwa siku. Mchumaji wa chai wa Rungwe au Mufindi husimama na mzigo mgongoni huku mikono ikienda mbele muda wote. Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu ambavyo kwa mtu mzima karibu havina mishipa ya damu yake. Chakula chake huingia kwa kupenya kutoka pembeni, na kujongea kwa mgongo husaidia kazi hiyo. Mgongo uliokaa katika mkao mmoja saa tano hupata shida, na hata sisi walimu tunaosahihisha madaftari tumo katika hesabu hiyo. Mikao ninayoitegemea kwa watu hawa ni miwili. Wa kwanza ni wa paka: unapiga magoti na kushika chini kwa viganja, unatoa pumzi huku ukiuinua mgongo uwe kama upinde, kisha unavuta pumzi huku ukiuteremsha na kufungua kifua. Wa pili ni wa swila: unalala kifudifudi, viganja chini ya mabega, unainua kifua kidogo tu bila kusukuma kwa nguvu za mikono. Fanyeni polepole, mkifuata pumzi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiorodhesha yoga miongoni mwa njia zisizo za dawa ambazo mgonjwa wa maumivu sugu ya kiuno anaweza kuanza nazo, pamoja na mazoezi mengine.

Picha za watu waliojikunja miguu hadi kisogoni zimewatisha wengi, na ninasikitika kila mtu anaponiambia, "Mwalimu, mimi nimeshazeeka, siwezi." B.K.S. Iyengar, mmoja wa walimu waliosambaza yoga duniani katika karne ya 20, alizaliwa mwaka 1918 akiwa dhaifu, na utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Yeye ndiye aliyezoesha watu kutumia viti, kamba na vipande vya mbao ili kila mwili uufikie mkao kwa kadiri yake. Sisi tuna khanga za kukunja na kuweka chini ya magoti, na stuli ya jikoni ya kujishikiza. Zinatosha kabisa.

Najua lipo swali ambalo wengine hamtaliuliza hadharani, nalo ni la imani. Mimi ni Mkristo wa Kimoravian na nililiuliza mwenyewe kabla ya kuanza. Yoga ilikulia katika mazingira ya dini za Bara Hindi, na si haki kulificha hilo. Kwa walio wengi huko ni sehemu ya ibada hadi leo. Umoja wa Mataifa ulipoitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga, mwezi Desemba 2014, na UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika katika kikao chake cha Addis Ababa mwaka 2016, ziliitambua kama urithi wa India unaowafaa watu wote. Mimi nimechukua pumzi na mikao, na sala zangu zimebaki zilezile. Lakini ambaye dhamiri yake inakataa asilazimishwe wala asichekwe. Ipo njia ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, isiyo na uhusiano wowote na dini: unakaza kundi moja la misuli kwa sekunde chache, kisha unaliachia ghafla na kusikiliza tofauti, ukianzia miguuni hadi usoni. Ngumi zangu zilifunguka kwa njia hiyo kabla sijafika kwenye yoga.

Tahadhari nazo nitazitaja, kwa sababu nimeona watu wakiumia kwa pupa. Anayemeza dawa za presha aendelee kuzimeza. Pumzi haichukui nafasi ya dawa wala ya daktari. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya moyo, na mjamzito aliyepita nusu ya safari asilale chali muda mrefu, bali alale ubavu. Mgongo ukiuma pamoja na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Baada ya ugali subirini saa mbili au tatu. Na aliyefiwa karibuni, au aliyepitia jambo la kutisha, anaweza kushikwa na hofu akifumba macho. Huyo ayaache wazi, aangalie dari.

Mkao wa mwisho tutaufanya pamoja. Kwa Kisanskriti huitwa shavasana, yaani mkao wa maiti, jina ambalo kwetu halipendezi masikioni, kwa hiyo mimi huuita kulala chali. Mikeka imetandikwa upande ule na mablanketi yapo. Vueni viatu, mlegeze mikanda na vilemba. Miguu itengane kidogo, viganja vielekee juu, na vidole viachwe vijikunje vyenyewe bila kukamata kitu. Wekeni mkono mmoja juu ya kitovu mpaka muusikie ukipanda na kushuka. Msivute hewa kwanza. Toeni iliyomo, yote, taratibu, nami nitahesabu hadi sita.