Napenda Kitu Kinachofunguka

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Wadogo zangu wa ufundi, hamjambo? Kule nyuma mnanisikia? Basi vizuri.

Mwalimu wenu aliponipigia aliniomba nije niseme neno kuhusu kazi yangu. Nikamjibu nitakuja, ila ili nifike kwenye simu itabidi nipitie kwanza kwenye kibanda cha picha, halafu kwa muuza chipsi. Akacheka, akasema, "Fundi, pitia unakotaka, mradi ufike." Kwa hiyo leo tutazunguka kidogo, mnivumilie.

Mimi ni fundi simu, nipo Kariakoo tangu mwaka 2004. Miaka yote hiyo nimekuwa na kipimo kimoja cha kujua kitu kizuri: je, kinafunguka? Yaani mtu anaweza kutia mkono wake ndani, akagusa hapa, akaongeza pale, kikatoka kikiwa chake? Natumia kipimo hicho kwa simu, kwa picha na kwa chakula pia. Mke wangu ananiambia si kila kitu duniani ni simu. Tunabishana mpaka leo.

Haya, picha. Nyinyi mnasema muvi, sisi tulisema picha au mkanda. Nilipokuwa mdogo kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa cha mabati na magunia, mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki chini yake, na joto la kutosha kuchemsha maharage. Kiingilio shilingi hamsini. Picha inatoka Hong Kong, Marekani au India, na humo ndani hakuna hata mmoja anayejua Kichina, Kiingereza cha kwenye picha kinakimbia, na Kihindi tulijua maneno ya mapenzi tu. Anayetuokoa ni msimuliaji. Sauti ya picha inashushwa, ya kwake inapanda. Anakwambia nani ni stelingi na nani ni adui, nani ni shemeji wa nani, na kwa nini yule mzee amekasirika.

Jina kubwa katika kazi hiyo hapa Dar es Salaam lilikuwa Lufufu. Wazee mnatikisa vichwa, mnamkumbuka. Uganda nako wapo watu wa kazi hiyo, wanaitwa viijei, na kule imekuwa taaluma kamili. Kazi hii imewahi kufananishwa na kuchukua wali mweupe ukaugeuza pilau, na mimi sijasikia mfano unaoizidi. Wali ulikuwepo, haukosi kitu, unashibisha. Lakini ukitiwa bizari nyembamba, hiliki, mdalasini na kitunguu kilichoiva mpaka kikawa hudhurungi, majirani watauliza nyumba hiyo kuna nini.

Niwape mfano mmoja ambao sijausahau. Kwenye picha kuna jamaa amerudi kwao baada ya miaka mingi, amesimama mlangoni, nje theluji imejaa. Watoto wa Manzese theluji tutaijulia wapi? Msimuliaji akasema: "Mnaona huo weupe? Hiyo ni barafu, inaanguka toka juu kama sembe inayomwagika gunia likitoboka. Na jamaa hana hata koti. Huyo ni mtu aliyefukuzwa, hakuaga." Maneno hayo hayakuwemo kwenye picha hata kidogo. Lakini kibanda kizima kilinyamaza, na mama aliyekuwa anauza ubuyu mlangoni akaacha biashara, akaingia kutazama.

Najua kuna swali la hakimiliki. Wenye picha hawakuombwa ruhusa, na hilo silitetei. Aliyetengeneza kitu alipwe. Ninachotetea ni ule ufundi wenyewe. Leo tunazo tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na nawapongeza waliofanya kazi hiyo, Kiswahili chao ni safi. Ila sauti zile zinasema kilichosemwa tu. Hakuna anayenigeukia mimi mtazamaji akaniambia, "Angalia mkono wa kushoto wa huyo binti, ameficha barua." Na yale maandishi ya chini ya picha ndiyo siyapendi kabisa. Nikisoma sioni nyuso, nikitazama nyuso yamekwisha kupita. Bibi yangu hakujua kusoma na alizipenda picha kuliko sisi sote. Maandishi yangemfungia mlango.

Tumemaliza kibanda. Tukitoka tu, kushoto, kuna jiko.

Chipsi mayai, au zege kama mnavyoiita, ndicho chakula ninachokiamini kuliko vyote jijini, na nina sababu. Kiazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kukikata vipande virefu na kukitosa kwenye mafuta tumejifunza kwa Wazungu. Kwetu kinalimwa nyanda za juu kusini, Njombe na Mbeya, kinashuka Dar kwa lori, mara nyingi kwenye lile gunia lililoshonewa kofia juu, lumbesa, linalomwibia mkulima wazi wazi. Hilo la lumbesa nikiliingia hatutatoka humu leo. Kiazi kikishafika kwa kijana wa chipsi ndipo kinapofunguliwa.

Tazameni anavyofanya. Chipsi zilishakaangwa mapema, zimekaa kwenye kabati la kioo, zimepoa, zimelegea. Chakula cha namna hiyo kwingine kingetupwa. Yeye anachota konzi mbili, anazitia kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, zinaanza kulia upya. Anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, chumvi, anayapiga kwa uma, anamwaga kuanzia pembeni kuja katikati. Anasubiri. Ukingo ukishaanza kunyanyuka anafunika sahani juu, anapindua kikaango, kile kitu kinadondokea kwenye sahani kizima, cha duara, kisha anakirudisha upande wa pili. Yai limezishika chipsi zote. Zile zilizolegea zimepata kazi mpya.

Na wakati wote huo wewe umesimama hapo hapo, unaongea. "Weka matatu." "Tia kitunguu na hoho." "Usikaushe sana." "Chumvi kidogo, nina presha." Anakusikia na anafanya. Kuna wateja wanaotaka mishikaki ichomolewe kwenye kijiti itiwe humo humo ndani, na inatiwa. Kwa upande wangu, kachumbari ikae pembeni na pilipili ya kusaga iwepo. Tomato sosi sitaki. Inafunika ladha ya yai yote, kila kitu kinakuwa kitamu kama pipi. Naona kuna wanaoguna hapo katikati. Guneni tu, ndugu zangu, hili nimelifikiria kwa miaka.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka jana niliwapeleka wanangu mahali pa kisasa, picha za vyakula zinawaka ukutani, hewa baridi. Nikaagiza baga, nikamwomba binti wa kaunta anikatie pilipili mbichi mbili anitilie ndani. Akatazama mashine yake, akanijibu kwa adabu sana, "Samahani baba, mfumo haukubali." Nikamwambia, mwanangu, pilipili naiona, iko pale nyuma yako kwenye bakuli. Akasema ni kweli, lakini haina kitufe. Sikumlaumu hata chembe. Amefungiwa kaunta pamoja na ile baga. Nilikula, nikalipa, nikashukuru, na jioni nilipita kwa kijana wangu wa zege.

Basi, simu. Hapa ndipo nyumbani kwangu.

Wakati naanza kazi, simu iliyokuwa mezani kwangu kila siku ni Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ina tochi kichwani, na tochi hiyo imezalisha wanawake vijijini umeme ulipokatika. Hilo nimeambiwa na wakunga zaidi ya mmoja. Mfuniko wake wa nyuma unafungua kwa kidole gumba. Betri unaichomoa kwa ukucha. Skrubu zake ni za kichwa cha nyota, unahitaji bisibisi moja tu. Nimewahi kuitengeneza mtu akiwa amesimama na chai mkononi, na chai haikupoa.

Watu walizifungua simu zile hata kwa njia ambazo mtengenezaji hakuziwaza. Kubip, yaani kupiga na kukata kabla mwenzako hajapokea, nani alitufundisha? Hakuna. Tuligundua kwamba mlio mmoja maana yake "nimefika" na miwili maana yake "njoo getini". Kabla ya M-Pesa kuanza Kenya Machi 2007, na kufika kwetu mwaka 2008, watu walikwishaanza kutumiana pesa kwa vocha. Unaikwangua mjini, unatuma tarakimu kwa ujumbe, mwenye duka kijijini anazichukua na kumpa mama yako fedha mkononi.

Sasa njooni kwenye simu za leo. Mfuniko wa kioo umebandikwa kwa gundi. Kuufungua nauweka kwenye mashine ya joto, gundi inalainika, naupitishia kikadi chembamba pembeni pole pole huku nikimwomba Mungu kioo kisipasuke. Kazi ya kubadilisha betri iliyokuwa sekunde kumi imekuwa saa nzima, na mteja analipia hiyo saa. Wanatuambia gundi ni kwa ajili ya kuzuia maji. Ni kweli gundi inazuia maji, sikatai. Lakini Samsung walitoa Galaxy S5 mwaka 2014, inastahimili maji kwa kiwango cha IP67, na mfuniko wake unabandua kwa kucha, betri unaitoa. Kwa hiyo inawezekana, iliwezekana, na mimi nimeishika kwa mikono hii. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri ya kifaa cha mkononi mtumiaji mwenyewe aweze kuitoa. Misamaha imewekwa, na wenye viwanda wataitafuta yote. Lakini mimi niliposoma habari ile nilifunga kibanda mapema siku hiyo nikaenda kunywa soda.

Kwa kuwa tumetaja maji, nina jambo nimelibeba moyoni na sitashuka hapa bila kulisema. Mchele.

Ndugu zangu, simu ikiingia maji msiizike kwenye mchele. Nawaomba sana. Mama mmoja aliniletea simu mwezi wa Ramadhani, ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Alikuwa ameilaza siku mbili kwenye sufuria ya mchele, na mfuniko juu, kama anapalia makaa. Nikaichukua nikaitazama kwa lenzi. Ndani ya tundu la chaji kulikuwa na chembe ya mchele iliyovimba, imejaa kama kizibo. Nikaichokoa kwa sindano, ikatoka vipande vipande. Pembeni yake unga mweupe umegandana na maji. Nilipofungua ndani, bodi ilikuwa imeota ukoga wa kijani kwenye pini za betri. Kwa sababu siku zote mbili betri ilikuwa humo humo, umeme unapita, maji ya sabuni yapo, na mchele uko nje unatazama tu. Kinachoua simu ni umeme kukutana na maji yenye chumvi na sabuni, shaba inaliwa. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya vipande vya bodi. Hata Apple mwanzoni mwa mwaka 2024 waliwaambia wateja wao wasitumie mchele, kwamba chembe ndogo zinaweza kuiharibu simu.

Fanyeni hivi. Zima mara moja. Usiijaribu kama inawaka, na usiichomeke chaji hata kwa sekunde moja. Kama betri inatoka, toa. Ikung'ute tundu la chaji likitazama chini, iache mahali penye upepo, halafu mwahi fundi siku hiyo hiyo. Fundi ataifungua, ataisugua bodi kwa brashi ya meno na spiriti, ataikausha. Simu ya yule mama ilipona, ingawa spika iligoma nikaibadilisha. Alilipa, akaiweka kwenye mkoba, akafika mlangoni, akageuka: "Fundi, na ule mchele je, naweza kuupika?" Nikamwambia mama, maji ya kufulia yamepita humo, mpe kuku.

Naona mwalimu ananionyesha saa. Sawa, nimalizie kwa mikono, si kwa mdomo.

Hii hapa ni 1100, imepigwa miaka ishirini na ushei. Na hiki ni kiredio cha elfu kumi na tano cha pale Mtaa wa Kongo, kimetengenezwa na watu ambao hawana uhusiano wowote na Nokia. Dada uliyekaa hapo mbele, ndiyo wewe mwenye ushungi wa bluu, njoo. Usiogope, hakuna umeme wa kukudhuru. Bonyeza kitufe hicho cha nyuma kwa kidole gumba, vuta mfuniko ushuke. Umeona? Chomoa betri kwa ukucha. Wasomee wenzako kilichoandikwa: BL-5C, vizuri. Sasa fungua mgongo wa redio. Itazame nafasi yake, pini tatu hizo. Ipachike. Sukuma. Ndiyo.

Haya, washa. Ongeza sauti wakusikie mpaka nyuma.