Kamusi Haipimwi kwa Kilo

BARAKA: Msikilizaji, kishindo ulichosikia ni cha kitabu. Nimekitua mezani sasa hivi, na mwalimu Rehema ameshaanza kucheka.

REHEMA: Nisichekeje, kaka Baraka? Hilo ni tofali. Umelitoa wapi?

BARAKA: Mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu vilivyotumika kando ya barabara. Elfu kumi na tano. Ni kamusi ya Kiingereza, nikaona limeandikwa Webster kwa herufi za dhahabu, nikasema leo nimeokota. Nafika nyumbani natafuta "download", halimo. "Mouse" nimeikuta, lakini ni panya tu, panya wa ghalani.

REHEMA: Mwaka wa kuchapwa uliuangalia?

BARAKA: Niliuangalia nikiwa sebuleni, pesa imeshakwenda. 1957.

REHEMA: Basi panya wa kompyuta alikuwa hajazaliwa. Na hiyo dhahabu isikuzuzue. Noah Webster alikuwa Mmarekani, alitoa kamusi yake kubwa 1828. Leo huko Marekani jina lake halina mwenyewe, mchapishaji yeyote anaweza kulibandika kwenye jalada. Waliorithi kazi yake ni Merriam-Webster, na kamusi zao ni nzuri. Ila Webster peke yake, bila jina lingine, haikuambii chochote kuhusu kilichomo ndani.

BARAKA: Ndiyo maana "colour" humu haina u?

REHEMA: Huyo huyo Webster ndiye aliyeipigia debe "color" na "center". Si makosa, ni Kiingereza cha kwao. Ila kama una mtoto shuleni hapa kwetu, anafundishwa tahajia ya Waingereza, atachanganyikiwa bure.

BARAKA: Sawa, limeshindwa kwa umri, limeshindwa kwa tahajia. Nikienda tena nichukue ipi? Maana zimepangwa kama matofali kweli, na zote zinasema ndizo bora.

REHEMA: Anza kwa kuuliza kamusi imeandikiwa nani. Kuna kamusi za wenye lugha yao, na kuna za sisi tuliojifunza Kiingereza darasani. Mwingereza anafungua kamusi kutafuta neno gumu. Sisi tunataka kujua neno rahisi linakaaje kwenye sentensi. Mfano ninaoupenda ni wa Samuel Johnson, mzee wa kamusi za Kiingereza, 1755. Neno "network", yaani wavu tu, alilieleza kwa kutumia "reticulated" na "decussated".

BARAKA: Eh! Hapo sasa nahitaji kamusi ya kusomea kamusi.

REHEMA: Ndiyo ninayokwambia. Sasa alikuwepo mwalimu mmoja Mwingereza, A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani. Aliona wanafunzi wake hawakwami kwenye maneno makubwa, wanakwama kwenye vitenzi: hiki kinafuatwa na nini, kile kinakubali "to" au hakikubali. Yeye na wenzake wakatunga kamusi kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ikatoka Tokyo 1942. Oxford wakaichapa upya 1948, na hiyo ndiyo mama wa Oxford Advanced Learner's unayoiona madukani leo.

BARAKA: Kumbe asili yake Japani! Mimi nilijua imetoka moja kwa moja kwa Malkia.

REHEMA: Na ndiyo maana inatufaa. Wajapani na sisi tuko upande mmoja wa meza. Baadaye wakaja Longman, 1978, wakajifunga kueleza karibu kila neno kwa maneno ya kawaida kama 2,000 tu. Ukiyajua hayo 2,000, kamusi nzima unaisoma. Collins COBUILD, 1987, wao wanakueleza kwa sentensi kamili, kama mtu anakusimulia barazani. Wengine wanaipenda sana. Mimi naiona inaongea mno.

BARAKA: Haya, nimesimama mbele ya meza ya vitabu, muuzaji ananiharakisha. Nafanya nini?

REHEMA: Fungua maneno unayoyajua tayari. Watu hufanya kinyume, hutafuta neno la ajabu, wakilikuta wanafurahi. Neno la ajabu lipo kwenye kila kamusi! Wewe tafuta "information". Kamusi nzuri ya mwanafunzi itaweka alama kwamba nomino hiyo haihesabiki, kwa hiyo usije ukaandika "informations". Kisha nenda "discuss". Mifano ikuoneshe "discuss something", ili ujue "about" yetu pale ni mzigo.

BARAKA: "Let us discuss about" iko kwenye kila mkutano hapa mjini.

REHEMA: Na mimi nimewahi kuisema, mwalimu mzima. Neno la tatu liwe lenye herufi isiyotamkwa, kama "debt" au "plumber". Sisi Kiswahili kinasomwa kilivyoandikwa, basi ile b tunaitamka kwa moyo wote. Angalia kama matamshi yameandikwa, na kama alama zake zimeelezwa mwanzoni mwa kitabu. Hapo hapo funua katikati uone kurasa zote zipo. Kuna kopi za bandia, herufi zimefifia, unatoka M unaruka hadi P.

BARAKA: Na zile za Kiingereza kwa Kiswahili? Mimi nimekulia kwenye ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

REHEMA: Usiitupe! Ile ya 1996 naitumia mpaka leo. Ukikutana na jina la mti au ugonjwa, kamusi ya Kiingereza tupu itakupa mistari mitano na bado usiuone huo mti. Ya lugha mbili inakupa neno moja, umemaliza. Shida inaanza ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mwanafunzi wangu aliniandikia "I heard a bad smell". Yeye hana kosa, "sikia" kwenye kamusi ni "hear", na kwetu harufu inasikika, baridi inasikika, hata uchungu unasikika.

BARAKA: Hiyo sentensi mbona tamu?

REHEMA: Tamu, nikamkata nusu maksi.

BARAKA: Simu je? Vijana watasema mzee, kamusi ya karatasi ya nini.

REHEMA: Simu ina faida moja kubwa, unabonyeza unasikia neno linavyotamkwa. Cambridge, Longman, Oxford ya wanafunzi, zote unazisoma bure ukiwa na bando. Ila cha mtandaoni ni cha kuazima. Macmillan walikuwa na kamusi nzuri sana mtandaoni, 2023 wakaifunga. Cha rafuni kwangu hakifungwi na mtu. Na OED, ile kubwa ya Oxford, hiyo ni ya kujua historia ya neno, toleo la pili lina juzuu 20. Si ya kila siku. Ingawa tangu 2022 wameingiza "nyama choma" na "chips mayai", kwa hiyo tumo.

BARAKA: Chips mayai imefika Oxford kabla yangu! Hebu nipe hiyo kamusi yako. Umesema tatizo ni vitenzi, nami kuna kimoja hunisumbua. Kiswahili mimi naazima kalamu kwako, nawe unaniazima kalamu, neno ni moja. Kiingereza?

REHEMA: Tafuta "borrow", halafu "lend".

BARAKA: Borrow... "borrow something from somebody". Huyu ni anayechukua. Lend... "lend somebody something". Huyu ndiye anayetoa. Ngoja. Kwa hiyo si "borrow me"?

REHEMA: Si "borrow me".

BARAKA: Mwalimu, juzi nimeandika baruapepe ofisini, "Kindly borrow me the projector".

REHEMA: Umeshaituma?

BARAKA: Kwa watu kumi na wanane. Na bosi nimemweka nakala.