Kusaga koki ya kioo cha maji: kichwa cha mvuke, Tabora

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo ni koki ya kioo cha maji, kile kinachomwonyesha dereva maji ya boila yamefika wapi. Si pambo hili. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, yaani chumba cha moto kilicho ndani ya boila, bati la paa halipati cha kulipoza, linalainika, boila inapasuka. Ndiyo maana sisi wa kujitolea tunaofufua kichwa hiki cha treni ya mvuke tumeanza na koki. Najua mnataka kuona rangi. Mtasubiri.

Kufungua sielezi, nati ni nati. Ila kabla hujachomoa kizibo, kile kipande chembamba kuelekea chini kinachozunguka ndani ya koki, piga nukta moja kwenye kizibo, nyingine kwenye bodi yake, yaani ganda linalokishika. Kila kizibo na nyumba yake, hakuna ukewenza hapa.

Osha kwa mafuta ya taa, kausha. Chukua penseli, chora mistari kwenye kizibo toka juu hadi chini. Ingiza, zungusha kidogo, toa. Leta simu karibu... karibu zaidi... vumbi jamani, futa hiyo kamera. Haya. Juu mistari imefutika, chini imebaki, mnaona? Ilipobaki hapagusani, na mvuke utapita hapo hapo.

Sasa dawa ya kusagia vavu, ule uji wenye chembe za kusugulia chuma, ile laini. Ya chenga inajichimbia kwenye shaba, haitoki. Paka kidogo sana. Zungusha robo, rudisha robo, inua. Robo, rudi, inua. Kigeuze kikae upande mwingine, endelea. Usizungushe duara zima! Narudia: usizungushe duara zima, na usigandamize. Tazameni hiki kingine, kimejaa mikwaruzo kukizunguka chote. Dawa yake sasa ni mashine ya kukereza tu. Inua! Wewe kijana huko nyuma, nakuona, inua.

Subirini treni ipite.

...Wenye SGR yao, reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, Mungu awabariki, mimi ni mtu wa reli ya upana wa mita moja, reli iliyofika hapa Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tulikuwa wapi? Robo.

Halafu usinogewe. Ukisaga mno kizibo kinazama, tundu lake linapishana na tundu la bodi, na nati ya chini inafika mwisho kabla haijakaza. Ukiona ukijivu umeenea sawasawa juu mpaka chini, acha.

Kuosha. Toa dawa yote. Yote! Mafuta ya taa, brashi, kitambaa cheupe, mpaka ndani ya matundu. Kitambaa kikitoka na ukijivu, rudia. Dawa ikibaki, dereva kila akigusa koki anaendelea kukusagia kazi uliyokwisha maliza. Nimesema yote? Yote.

Rudia penseli. Mistari ikifutika pote, paka utando mwembamba wa grisi ya joto kali, kaza nati, koki izunguke kwa mkono bila kulazimishwa. Kisha ifunge, mimina mafuta ya taa upande mmoja, acha usiku kucha. Asubuhi upande wa pili ukiwa mkavu, imeiva kwa jaribio la shinikizo la maji. Mvuke bado, msinisumbue kwenye maoni. Boila yenyewe lazima ipite kwa mkaguzi kwanza.

Dawa laini na grisi nauza, nitumieni ujumbe. Anayekuja kushika brashi, chai ya asali bure. Video ijayo ni kioo chenyewe na mipira yake.