Kukinga Chini ya Gari Dhidi ya Kutu Nyumbani: Mhadhara kwa Wenye Magari wa Mwambao

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kuikinga sehemu ya chini ya gari lake dhidi ya kutu kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake, na kwa kuwa wengi wenu mnatoka Kigamboni, Msasani, Kunduchi na kwingineko ambako upepo wa bahari unafika kila siku, nitaomba tuanze na hewa kabla hatujafika kwenye brashi na makopo.

Chuma hakili kutu kwa maji peke yake wala kwa hewa peke yake. Kinahitaji vyote viwili, na chumvi ikiongezeka kutu huenda mbio, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo unaotoka sehemu moja ya bati kwenda nyingine. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata pasipo mvua. Chumvi ya kawaida, hii ya jikoni, huanza kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, na hapa Dar es Salaam usiku na alfajiri kiwango hicho hupitwa mara nyingi sana katika mwaka. Kwa hiyo gari lililolala chini ya paa, ambalo halijagusa dimbwi wiki nzima, linaweza kuwa limelowa chini yake kila usiku huku mwenyewe akiamini kuwa ni kavu.

Tena magari yetu mengi yalianza kupata chumvi kabla hayajapanda meli. Yale yaliyotumika Hokkaido na kaskazini mwa Honshu, huko Japani, yamepita misimu ya theluji kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria dhidi ya matairi yenye njumu za chuma, kwa sababu yalikuwa yakikwangua lami na kujaza vumbi hewani, na baada ya hapo matumizi ya chumvi barabarani yakaongezeka. Miongoni mwa chumvi hizo imo kalisi kloridi, ambayo huvuta unyevu hata hewa ikiwa na asilimia 30 tu au zaidi kidogo. Mabaki yake yakijificha ndani ya mikunjo ya bodi, huku mwambao hayakauki hata mchana wa kaskazi. Ndiyo maana mimi gari lililoshuka bandarini jana nalihesabu kuwa limeshaanza kuliwa, hata kama rangi yake inang'aa, mpaka nitakapolala chini yake na tochi.

Hapo penye kulala chini ndipo palipo na hatari, na nalisema sasa ili lisije likasahaulika: jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Gari likishainuliwa kwenye sakafu ngumu, litulizwe juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya sehemu nene zilizoandaliwa na mtengenezaji, matairi yaliyobaki chini yafungwe kwa magogo au mawe, kisha lisukumwe kwa mkono kabla mtu hajaingiza kichwa. Tofali za saruji zisitumike, kwani hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Miwani ya kukinga macho ni lazima, kwa kuwa kila kitakachokwanguliwa kitaanguka usoni.

Kwa ukaguzi inatosha tochi, bisibisi pana na sikio. Gonga kwa mpini wa bisibisi chini ya vizingiti vya milango, nyuma ya madigadi, pale springi na shokomzoba zinapofungwa, na kwenye maungio yote ya bati. Bati zima hulia kwa sauti kali, lililoliwa hutoa mlio mzito uliokufa. Paipu za breki zitazamwe peke yake na kwa makini, na ikiwa zimechubuka kutu hadi kufanya mashimo madogo, zibadilishwe na fundi. Hakuna dawa ya kupaka itakayozirudisha. Wala mtu asidhani kwamba chasisi nene imesalimika. Mwaka 2016 Toyota iliafikiana nchini Marekani kumaliza kesi iliyohusu chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizodaiwa kuoza mapema, na makubaliano hayo yalikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Hizo ni chasisi nene za pikapu na za gari kubwa la familia, si bati la bodi lenye unene usiofika milimita moja.

Sasa niseme juu ya lami nyeusi, kwa sababu ndiyo dawa ambayo wengi wenu mmeshawahi kupakiwa. Ikiwa mpya hupendeza macho: chini ya gari panakuwa peusi pote na mwenye gari anaondoka ameridhika. Taabu ni kwamba ikishakauka sana hupoteza ulaini, kisha kokoto na mtikisiko wa barabara huifungua kwenye kingo. Ukitaka kujua hali ilivyo ndani, tafuta mahali ambapo lami hiyo imetuna kidogo kama lengelenge na upabonyeze kwa kidole gumba. Ikibonyea na kuvuja maji ya rangi ya chai, ujue kwamba bati limeoza chini ya ngozi ambayo bado inaonekana nzima. Maji yakishaingia hapo hayana njia ya kutoka, na kwa kuwa hewa ndani ni kidogo kuliko nje, tofauti hiyo yenyewe huifanya sehemu iliyofunikwa kuwa ndiyo inayoliwa. Tope lililoganda nyuma ya madigadi hufanya madhara yaleyale. Sisemi kwamba lami haifai kabisa. Juu ya bati jipya, safi na kavu, na ikikaguliwa kila mwaka, inaweza kufanya kazi. Juu ya gari lililokwisha tembea, mimi siipaki.

Oili chafu ya injini nayo ina wapenzi wake, kwa kuwa ni ya bure. Ina masizi na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, inadondoka kwenye udongo ambao baadhi yetu tunachimba visima, na ikikaa kwenye bushi za mpira wa asili huzivimbisha na kuzilegeza. Tuiache.

Tuingie kwenye kazi yenyewe, ambayo sehemu kubwa yake ni kuosha na kukausha. Kupaka huja mwishoni na huchukua muda mfupi. Uoshaji uanze chini na uwe wa polepole, kwa maji mengi kuliko nguvu, ukielekeza mpira ndani ya madigadi, juu ya tangi la mafuta, na ndani ya matundu ya vizingiti hadi maji yanayotoka yawe meupe. Yapo matundu madogo upande wa chini wa vizingiti na milango, yaliyowekwa ili maji yatoke, na mara nyingi yamezibwa na tope au na lami ya fundi aliyetangulia. Yazibuliwe kwa waya laini kabla ya jambo lingine lolote. Ningeambiwa nichague kazi moja tu nifanye kwenye gari zee, ningechagua hiyo.

Na maji hayo yatoke wapi? Visima vingi vya ukanda wetu vina maji ya chumvi, kwa sababu bahari imeingia kwenye maji ya ardhini, na mtu anayeosha gari lake kila jumamosi kwa maji ya kisima cha namna hiyo analipaka chumvi kwa bidii kubwa. Njia rahisi ya kupima ni kudondosha maji hayo kwenye kioo, kuyaacha juani, na kutazama kilichobaki: maji mazuri huacha doa hafifu, ya chumvi huacha ukoko mweupe unaoonekana wazi. Osho la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni ndoo chache tu.

Gari likishaoshwa liachwe likauke kwa siku mbili au tatu za jua, na kwa sababu hiyo miezi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, inafaa kuliko masika. Mafundi wa rangi za viwandani wana kanuni kwamba chuma kinachopakwa kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi. Nyumbani hatuna vipimo hivyo, lakini maana yake kwetu ni kwamba kazi ya kupaka isianze kabla ya saa nne asubuhi, bati likiwa limeshapata joto, na ifungwe kabla jua halijashuka.

Kutu iliyolegea iondolewe kwa brashi ya waya na msasa hadi ibaki ile iliyoshikamana na chuma. Hapo ndipo dawa ya kugeuza kutu inapofaa, yenye asidi ya fosforiki au tanini. Tanini ni kitu kilekile kilichomo kwenye magome ya mikoko ambayo watu wa mwambao wameyatumia kwa ngozi tangu zamani. Ikikutana na kutu hutengeneza tabaka jeusi lisiloyeyuka kirahisi. Dawa hizi zipakwe mahali panapoonekana na kufutika, zisimiminwe ndani ya maungio, maana asidi iliyokwama humo huendelea kula. Kama utatumia rangi ya zinki, ipakwe juu ya chuma kitupu kilichong'arishwa. Zinki hulinda kwa kuliwa yenyewe badala ya chuma, na haiwezi kufanya hivyo ikiwa kutu imekaa katikati.

Juu ya hayo yote ije nta ya kukinga kutu, au mafuta mazito ya sufu ya kondoo, ambayo yote hubaki laini, hutambaa kwenye maungio na huziba mkwaruzo mdogo yenyewe. Ndani ya vizingiti na milango tumia kopo la kupulizia lenye mrija mrefu: ingiza mrija hadi mwisho, kisha uvute nje taratibu huku ukipuliza, mpaka uone dawa inaanza kuvuja kwenye matundu ya chini. Kabla ya hapo funika kwa mifuko na karatasi diski za breki, ekzosi yote, rejeta, sensa za magurudumu, na mipira ya shafti, na shafti ndefu ya nyuma isiguswe, kwani uzito ukizidi upande mmoja itatikisika. Sigara na mashine ya kuchomelea zikae mbali, kwa kuwa dawa hizi zinawaka. Kama kuna mahali panahitaji kuchomelewa, pachomelewe kwanza, na fundi atakayekuja kuchomelea miaka ya mbele aambiwe kuna nta ndani.

Siku inayofuata rudi chini ya gari uzibue tena yale matundu ya kutolea maji, kwa sababu nta ikiganda huweza kuyaziba. Harufu ya kuungua siku za mwanzo hutoka kwenye matone yaliyoangukia ekzosi na kwa kawaida huisha yenyewe. Nta inayobaki laini haidumu milele, husuguliwa na maji na mchanga, hasa nyuma ya magurudumu, kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika mtu alale tena chini na tochi, aoshe, akaushe, na apake pale tu palipobaki wazi. Kwa gari linalovuka kwa kivuko kila siku, ningeshauri ukaguzi wa pili baada ya masika kwisha.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na kama kuna mwenye gari hapo nje angependa tulitazame kabla giza halijaingia, tochi ninayo.