Pipa Halitibu Kosa la Mtambo

Ahsanteni sana kwa kunikaribisha. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie pombe kali: namna inavyokenekwa, yaani inavyochemshwa na mvuke wake kupozwa na kukusanywa, inavyokomazwa na inavyouzwa. Niwaombe radhi mapema, maana sehemu kubwa ya muda wetu nitaitumia kwenye mtambo kabla hatujafika kwenye pipa. Mtu akiona chupa imeandikwa miaka 12 huuliza habari za pipa: lilitoka wapi, ni la mti gani, lilikuwa na nini kabla. Sijawahi kukutana na mnunuzi aliyeuliza siku ile pombe ilipokuwa ikitiririka, mkenekaji alihamisha bomba wakati gani. Na kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza.

Kukeneka hakutengenezi alkoholi. Alkoholi imeshatengenezwa na hamira siku kadhaa kabla. Hamira imekula sukari ya kimea cha shayiri, au ya mahindi, zabibu, molasi, chochote kile, ikatoa alkoholi, hewa ya ukaa na vitu vingine vingi vidogovidogo vyenye harufu. Kwa wiski ya kimea, pombe hiyo changa ikiiva huwa na alkoholi ya asilimia 7 hadi 9 hivi. Mkenekaji anaipokea na uzuri wake na ubaya wake. Kazi yake ni kuchagua kipi kipite na kipi kibaki, basi.

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78.4 na maji nyuzi 100, kwa hiyo ukiishikilia 78 alkoholi itaondoka peke yake na maji yatabaki. Ingekuwa hivyo, kipimajoto kingetosha na mimi nisingekuwa na kazi. Alkoholi na maji vikishachanganyika havichemki kila kimoja kivyake. Pombe changa ya asilimia 8 huanza kuchemka ikishapita nyuzi 90, na mvuke unaopanda bado una maji, ila alkoholi imezidi kuliko ilivyokuwa kwenye sufuria. Ukiupoza unapata kitu chenye nguvu zaidi. Ukikeneka tena, nguvu inapanda tena. Kwenye mtambo wa chungu, mkeneko wa kwanza hutoa asilimia 20 hadi 25 hivi, na wa pili huanzia juu ya 70 kisha huteremka taratibu kadiri saa zinavyokwenda. Ukiendelea kurudia utafika takriban asilimia 96 kwa uzito, na hapo utakwama. Mvuke na kilichobaki chini vinakuwa na uwiano mmoja, na moto peke yake hauwezi tena kuvitenganisha.

Kuna mtambo wa aina nyingine, wa safu. Aeneas Coffey, Mwairishi aliyewahi kuwa mkaguzi mkuu wa ushuru wa vileo, alipata hataza yake mwaka 1830. Ndani ya safu pombe changa inashuka, mvuke unapanda, na kwenye kila sahani wanapokutana panafanyika mkeneko mdogo. Mtambo huo haupumziki, unatumia moto kidogo na unatoa pombe nyepesi kwa wingi. Wapo wa fani hii wanaoubeza. Mimi siubezi hata kidogo. Vodka, rumu nyingi, na wiski ya nafaka inayobeba wiski za mchanganyiko hutoka humo. Ila kadiri unavyosafisha ndivyo unavyopoteza harufu ya ulichoanza nacho. Anayetaka shayiri isikike puani miaka 10 baadaye hurudi kwenye chungu.

Na chungu hicho ni cha shaba. Shaba hupitisha joto vizuri na hukubali kufinyangwa, lakini sababu kubwa ni nyingine. Wakati wa kuchacha huzaliwa viambato vya salfa, vile vinavyonuka kama kabichi iliyochemshwa kupita kiasi au kiberiti. Mvuke unapogusa shaba, shaba huvinasa. Kazi hiyo huila shaba yenyewe, kuta zikawa nyembamba mwaka hadi mwaka mpaka sehemu za mtambo zikabidi kubadilishwa. Ukikeneka polepole mvuke hukaa na shaba muda mrefu zaidi. Ukiharakisha, utaisikia salfa kwenye glasi. Shingo ndefu ya mtambo hurudisha mvuke mzito chini na kutoa pombe nyepesi. Shingo fupi huacha uzito upite. Umbo la chungu kile cha shaba ni sehemu ya ladha, sawasawa na nafaka.

Sasa tufike kwenye kukata.

Mkeneko wa mwisho hutoka katika sehemu tatu, nasi huziita kichwa, moyo na mkia. Kichwa hutangulia. Kina vitu vyepesi kama asetaldehidi na etili asetati, na kinanuka rangi ya kucha na gundi. Katika mitambo ya wiski kuna jaribio la zamani ambalo nalipenda sana: unachukua kidogo kinachotoka, unakiongezea maji. Kikigeuka ukungu, bado ni kichwa. Ukungu ule ni mafuta ya mkia wa mkeneko uliopita, yaliyobaki yamegandamana kwenye bomba la kupozea. Alkoholi kali inayotangulia huyaosha na kuyabeba. Ukungu ukipotea, unahamisha bomba na kuanza kukusanya moyo. Moyo una harufu ya matunda, maua, nafaka. Baada ya saa kadhaa nguvu inashuka, na mkia unaanza kujichungulisha: mwanzo ngozi na tumbaku, mambo ambayo kwa kiasi kidogo yanapendeza, halafu boksi lililolowa, kisha jasho. Kichwa na mkia havimwagwi. Hurudishwa katika mkeneko unaofuata.

Ugumu uko hapa, kwamba mkia hauna mpaka. Hakuna kengele inayolia. Kila dakika unayochelewa unapata lita zaidi, na lita hizo zina alkoholi halisi inayouzika. Mwaka wangu wa pili kazini nilichelewa. Sikusinzia, nilikuwa macho, nikitazama kipimo. Tulikuwa nyuma ya lengo la wiki, nikajiambia dakika 20 hazitaua mtu, tena inakwenda kwenye pipa, pipa litaisawazisha. Tukajaza mapipa manne mazuri. Yakalala miaka sita. Siku tulipoyafungua rangi ilikuwepo, vanila ilikuwepo, na nyuma ya vanila, wazi kabisa, boksi lililolowa. Miaka sita ya ghala na mapipa manne, kwa dakika 20 zangu. Mpaka leo nikinusa karatasi mbichi nakumbuka chumba kile.

Nisieleweke vibaya. Pipa husaidia. Makaa yaliyo upande wa ndani hunasa salfa iliyobaki, na hewa inayopenya mbaoni hulainisha ukali wa pombe iliyotoka mtamboni karibuni. Lakini mafuta mazito ya mkia hayaendi popote. Pipa hukuza kilichomo.

Neno moja kuhusu methanoli, kwa sababu huwa naulizwa. Kukeneka hakuizalishi, hutokana zaidi na pektini ya matunda wakati wa kuchacha, na katika pombe za nafaka huwa kidogo mno. Inachemka kwenye nyuzi 64.7, kwa hiyo watu hudhani yote hutoka na kichwa. Sivyo. Inashikamana na maji na alkoholi na kutoka kidogokidogo mkeneko mzima. Vifo vya watu wengi kwa mpigo tunavyovisikia hutokana hasa na methanoli ya viwandani iliyochanganywa na vinywaji kwa tamaa ya fedha. Hakuna namna ya kukata mkeneko itakayookoa kinywaji kilichotiwa sumu hiyo. Na kwa anayefikiria kujaribu jikoni kwake: mvuke wa alkoholi unaovuja karibu na moto hulipuka. Usijaribu.

Haya, twende ghalani.

Mbao ni mwaloni, na ipo sababu. Mwaloni hukubali kupindwa kwa joto bila kuvunjika, na ule mweupe wa Marekani una mirija iliyozibwa kiasili, kwa hiyo haivujishi. Mbao huachwa nje kwenye jua na mvua kwa miezi mingi, pengine miaka, ndipo zinafungwa na kuchomwa ndani. Moto ndio unaofungua hazina. Lignini inavunjika na kutoa vanilini. Selulosi nyepesi inageuka sukari zilizoungua. Laktoni zinaleta harufu ya nazi, tanini zinaleta ukavu ulimini. Kisha pombe inaingia na kutoka mbaoni msimu baada ya msimu, joto likiisukuma ndani, baridi ikiirudisha.

Sheria zimejengwa juu ya mbao hizo. Wiski ya Scotland ni lazima ikae angalau miaka 3 katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, humohumo Scotland. Baboni, wiski ya Marekani, hutengenezwa kwa mahindi yasiyopungua asilimia 51, haiingii kwenye pipa ikizidi asilimia 62.5, na lazima ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani. Mpya! Tafakarini maana yake kibiashara. Likishamwagwa, pipa lile haliruhusiwi kutumika tena kwa baboni, na kwa hiyo mapipa mengi huvuka bahari kwenda kukomaza wiski na rumu za watu wengine. Ladha ya vanila mnayoipata katika wiski nyingi za Scotland ilianza katika sheria ya nchi nyingine.

Kukomaa huishia kwenye kioo. Wenye konyaki, pombe kali ya zabibu ya Ufaransa, wanalijua hili vizuri: wakiona pombe kongwe imefika kilele huihamishia kwenye madamajani, yaani chupa kubwa za kioo, isizidi kunywa mbao. Kwa hiyo chupa ya miaka 12 uliyoificha kabatini miaka 30 bado ni ya miaka 12. Na wanaotumia mapipa madogo wakidai wamekomaza kwa miezi michache, mimi naona wamepata rangi na ukali wa mbao tu. Ule ulaini unaoletwa na hewa bado haujafika, na hewa haina njia ya mkato.

Wakati inangoja, pombe inapungua. Tunaliita fungu la malaika. Scotland ni takriban asilimia 2 kwa mwaka. Penye joto kali, kama visiwa vya Karibea, linaweza kufika 6 au zaidi. Tufanye hesabu pamoja. Pipa la lita 200 lililojazwa kwa asilimia 63.5 lina lita 127 za alkoholi tupu. Ukiishusha leo kwa maji hadi asilimia 40 unapata chupa 453 za mililita 700. Ukingoja miaka 12 ukipoteza asilimia 2 kila mwaka, unapata 356. Ukipoteza asilimia 6, unapata 216. Kuta za maghala zenyewe hushuhudia: huota kuvu mweusi anayestawi kwa mvuke huo, na majirani huyaona majengo yamegeuka rangi.

Lakini hasara ya mvuke ni ndogo ukilinganisha na fedha iliyolala. Ukitaka kuuza mapipa 1,000 ya miaka 12 kila mwaka bila kukosa, ghalani lazima uwe na mapipa zaidi ya 12,000, yote yamelipiwa nafaka, mbao, bima na mishahara, na karibu yote hayajaingiza kitu. Na lazima leo ukisie watu watataka nini miaka 12 ijayo. Wenye mitambo ya Scotland walikisia vibaya miaka ya 1970, maghala yakafurika, na mwaka 1983 mitambo mingi ikafungwa, ikiwemo Port Ellen na Brora. Wiski iliyobaki katika mapipa yao baadaye ikawa miongoni mwa zinazowindwa sana na wakusanyaji. Brora ilianza tena kukeneka mwaka 2021, Port Ellen mwaka 2024. Wale waliopoteza kazi mwaka 1983 walikuwa wamekeneka vizuri. Kosa lilikuwa la wapiga hesabu.

Ndiyo maana anayeanza leo mara nyingi huanza na jini au vodka, ambazo huuzika ndani ya wiki chache, huku mapipa yakingoja nyuma. Ni busara, na siwalaumu. Wengine hununua pombe iliyokomazwa na mtu mwingine na kuibandika jina lao. Hilo nalo si kosa, ilimradi waseme. Mnunuzi ana haki ya kujua nani alikeneka. Marekani ililitambua hili mwaka 1897 kwa sheria ya pombe za ghala la dhamana: iwe ya mkenekaji mmoja, ya msimu mmoja, imekaa angalau miaka 4 chini ya uangalizi wa serikali, na ifungwe kwenye chupa ikiwa na asilimia 50. Sheria ile ilizaliwa kwa sababu wachuuzi walikuwa wakichanganya pombe na rangi na viambato vya hatari na kuiita wiski. Umri kwenye kibandiko nao una maana yake: kwa wiski ya Scotland, ni umri wa pombe iliyo changa kuliko zote zilizomo.

Nimewaletea vichupa vitatu. Vyote vimetoka katika mkeneko mmoja, wiki iliyopita, na sikuviandika majina. Vipitisheni mkono kwa mkono. Msionje, nuseni tu, mdomo wazi kidogo, pua isiingie ndani ya shingo. Mkishapitisha vyote, kila mmoja aandike kwenye karatasi ni kipi angekijaza kwenye pipa, na baada ya hapo tutaanza maswali.