Jicho Kwanza, Darubini Baadaye: Kulenga Shabaha Wakati wa Utusitusi

Ndugu zangu, nashukuru kwa kufika. Kabla sijaanza nina ombi moja. Taa hizi zizimwe, ibaki ile ndogo ya pembeni, na kila mwenye simu aigeuze kifudifudi asiiguse tena. Sababu nitaieleza. Kwa sasa niamini tu kwamba macho yenu yameshaanza kazi.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na wawindaji ni hili: ninunue darubini gani ya bunduki ili nilenge vizuri jioni? Nami humjibu muulizaji kwa swali: una umri gani? Wengi hudhani nawakwepa. Siwakwepi, maana darubini inafanya kazi kwa ajili ya jicho, na macho hayalingani.

Mboni, lile tundu jeusi katikati ya jicho, hupanuka kadiri giza linavyoingia. Mchana wa jua kali huwa na kipenyo cha milimita 2 au 3. Gizani, mboni ya kijana inaweza kufika milimita 7. Umri ukisogea, inapoteza uwezo huo. Mtu wa miaka 60 mara nyingi haivuki milimita 5. Sasa chukua darubini yoyote, inyooshe mbele yako mbali na uso, utazame kioo chake cha nyuma. Utaona kiduara cha mwanga kinaelea humo. Huo ndio mwanga wote utakaoupata. Ukitaka kujua upana wake, gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Darubini ya 8x56, yaani ukuzaji wa mara 8 na lenzi ya mbele ya milimita 56, inakupa kiduara cha milimita 7. Ya 6x42 inakupa milimita 7 vilevile, ingawa ni nyepesi zaidi na inakaa chini karibu na mtutu. Kiduara kikiwa kipana kuliko mboni yako, ziada yake inaangukia pembeni ya mboni na haikufai kitu. Kikiwa chembamba kuliko mboni, unatazama dunia iliyofifia kuliko ile unayoiona kwa macho matupu.

Hili nilijifunza vibaya. Miaka mingi nyuma nilinunua darubini ya 6-24x50, nikaipenda kwa sababu mchana ilinionyesha kila unyoya. Jioni moja tulikuwa wawili tumeotea ukingoni mwa msitu, jua limeshazama. Mnyama akatoka, yapata mita 90. Nikazungusha pete ya ukuzaji hadi 24, nikiamini kwamba kumkuza ndiko kumwona. Nikapata umbo jeusi ndani ya weusi, nikajiambia kwamba linatosha, kidole kikaenda kwenye triga. Mwenzangu alikuwa na darubini ya zamani ya 6x42, ambayo rangi ya bomba lake ilikuwa imechubuka kote. Akaninong'oneza: "Ana mtoto nyuma yake." Mimi yule mtoto sikumwona kabisa. Nilishusha bunduki huku mikono ikitetemeka. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: 50 gawa kwa 24 ni milimita 2 na kidogo. Nilikuwa nimejifunga kitambaa usoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye darubini ya ukuzaji unaobadilika, jifunze kuishusha giza linapoingia. Ile ya 3-9x40 iliyo mikononi mwa wengi ina kiduara cha milimita 4.4 ikiwa kwenye 9. Iteremshe hadi 6, utapata 6.7. Picha itakuwa ndogo, lakini itang'aa. Kushuka hadi 3 hakuna faida, kwa sababu umeshaipita mboni yako na unachopoteza sasa ni undani wa picha. Kijana ataona tofauti kati ya 8 na 6. Mzee wa mboni ya milimita 5 akiwa na lenzi ya 56 anaweza kubaki kwenye 10 au 11 asipoteze mwanga wowote. Ndiyo maana nauliza umri.

Katika maelezo ya watengenezaji mtakuta pia kipimo cha utusitusi: zidisha ukuzaji kwa kipenyo cha lenzi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa 8x56 ni kama 21. Kwa darubini yangu ile, ikiwa kwenye 24, ni karibu 35. Kwa kipimo hicho yangu ndiyo bora kwa mbali, na ndiyo iliyonipofusha. Kipimo hicho hakijui chochote kuhusu mboni wala ubora wa kioo. Mimi sinunui kitu kwa kukitegemea.

Ubora wa kioo unastahili dakika chache. Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga unaouangukia. Ndani ya darubini mwanga unavuka nyuso nyingi. Zikiwa 10 tu, theluthi moja ya mwanga imepotea kabla haijafika jichoni, na sehemu ya huo uliopotea inazungukazunguka humo ndani ikiifunika picha kwa ukungu mweupe. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Carl Zeiss, alipata njia ya kupaka kioo tabaka jembamba mno linalopunguza mrudisho huo. Siku hizi matabaka ni mengi juu ya kila uso, na ukipunguza upotevu hadi nusu ya asilimia kwa kila uso, zile nyuso 10 zinapitisha asilimia 95. Hapa ndipo pesa ya darubini nzuri inapokwenda. Kwa hiyo atakayekwambia kwamba bomba la milimita 30 huleta mwanga zaidi kuliko la inchi moja kwa unene wake tu, muulize kuhusu matabaka ya lenzi. Unene wa bomba unakupa nafasi zaidi ya kurekebisha shabaha. Mwanga ni habari nyingine.

Msalaba wa kulengea nao. Nyuzi nyembamba zinazopendeza mchana huyeyuka jioni juu ya ngozi ya mnyama. Mimi napendelea fito nene tatu zinazoelekea katikati na uzi mwembamba pale katikati tu. Uangalifu unahitajika kwa zile darubini ambazo msalaba wake hukua na kusinyaa pamoja na picha: ukishusha ukuzaji kwa sababu ya giza, msalaba nao unakonda wakati ule ule unapouhitaji.

Msalaba unaowaka kwa betri ni msaada mkubwa, na watu wengi wanautumia vibaya. Wanauwasha kwa nguvu ile ile waliyoizoea mchana. Nuru hiyo inaibana mboni na kufunika shabaha. Ipunguze hadi nukta ikaribie kutoweka, kisha iongeze hatua moja. Rangi nyekundu haikuchaguliwa kwa urembo. Seli za jicho zinazoona gizani karibu hazihisi wekundu, kwa hiyo nukta nyekundu hafifu haiziharibu.

Vyombo vya nukta nyekundu visivyokuza, ambavyo kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilivileta sokoni mwaka 1975, vinafaa karibu, macho yote mawili yakiwa wazi. Angalia ukubwa wa nukta. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, hufunika sentimita 2.9 kwenye mita 100, kwa hiyo nukta ya dakika 6 inaficha sentimita 17. Vyuma vya kulengea vyenye vijitundu vya tritiamu, gesi yenye mnururisho, navyo hung'aa bila betri, ingawa mng'ao hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Ila nukta na tritiamu vinakuonyesha mahali bunduki inapoelekea. Hakuna hata kimoja kinachokuonyesha ulichokielekezea. Wakati wa utusitusi mtu anaweza kuona nukta yake safi kabisa na asijue kilicho mbele yake ni nini.

Sasa turudi kwenye macho. Jicho lina aina mbili za seli za kuonea. Koni hupenda mwanga na hutambua rangi. Nyingine, zile za umbo la fito, huona gizani bila rangi. Pale katikati kabisa, tunapoelekeza jicho tukikodoa, fito hazipo. Ukikikazia macho kitu gizani kinatoweka. Tazama kandokando yake kidogo, kinarudi. Fito zinahitaji kama nusu saa gizani kufikia nguvu zake, na kuchungulia simu mara moja kunakurudisha mwanzo. Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki wa karne ya 19, aligundua kwamba mwanga ukififia, maua mekundu hugeuka meusi mapema huku ya buluu yakibaki na nuru. Mwindaji na akumbuke: mnyama mwenye wekundu uliomsaidia kumtambua saa moja iliyopita sasa ni kivuli tu.

Kuna kosa jingine la jioni ambalo halisemwi sana. Mtu akitafuta mwanga husogeza kichwa huku na huku juu ya kitako. Darubini nyingi za uwindaji zimerekebishwa kwa mita 100; karibu au mbali zaidi ya hapo, jicho lisipokuwa katikati, msalaba huteleza juu ya shabaha bila bunduki kusogea. Weka shavu mahali pamoja, rudia nyumbani mara mia na bunduki isiyo na risasi. Pia mweko wa mtutu utakupofusha kwa muda. Usipige risasi ya pili ndani ya upofu huo.

Nchi nyingi huweka saa ya mwisho ya kuwinda baada ya jua kuzama, na saa hiyo iheshimiwe. Lakini mimi nina mpaka wangu unaotangulia ule wa sheria: nikishindwa kusema kwa sauti ni mnyama gani, anaelekea wapi na nini kiko nyuma yake, nafungua chemba natoa risasi.

Nusu saa imepita. Nje, mita 80 kutoka mlangoni, kuna ubao wenye umbo la mnyama, na nyuma yake nimesimamisha kitu kingine ambacho sitawaambia. Darubini sita ziko juu ya meza, hazina bunduki. Tokeni polepole, mtu asiwashe taa, na kila mmoja aandike alichoona kabla hajamuuliza jirani yake.